Chumba cha Katikati ya Koo

Siku ya nne baada ya kumzika baba tulifungua sanduku lake la bati. Wadogo zangu walikuwa wanatafuta hati ya shamba. Mimi sikuwa natafuta kitu. Nilikaa mlangoni kwa sababu mimi ndiye mkubwa, na mkubwa hutakiwa awepo. Zikatoka kanzu mbili, redio isiyo na betri, bahasha ya picha za pasipoti, na chini kabisa kipande cha kanga kilichofungwa fundo. Mdogo wangu alilifungua akashangaa. "Kioo? Mzee alikuwa anajitazama?" Wakacheka, kicheko cha kwanza tangu msiba uingie nyumbani. Mimi nilimnyang'anya bila adabu, na harufu ya asali iliyokauka ikanipanda puani hata kabla sijakigeuza.

Kilikuwa kioo cha mviringo, upana wake kiasi cha kiganja, ukingo wa plastiki ya kijani umepasuka upande mmoja. Nakijua vizuri kuliko ninavyoujua uso wangu wa leo. Nilipokuwa na miaka tisa kioo hiki kilikaa mbele ya mdomo wangu siku nyingi, nikigombana na herufi moja. Nasema nikigombana kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na tangu hapo sijawahi kugombana na kitu chochote kwa moyo ule, hata ndoa.

Sisi ni watu wa Miono. Baba alilima ufuta, alikuwa na mikorosho michache, na kando ya shamba alitundika mizinga ya nyuki. Nilipofika umri wa kuanza shule alinipeleka Bagamoyo kwa dada yake, shangazi Mwanahawa, ambaye alikuwa mpishi kwenye nyumba moja ya wageni. Asubuhi nilikwenda shule, na baada ya alasiri nilikwenda chuoni kusoma Kurani. Chuo chenyewe kilikuwa ua wa nyuma ya duka la vitambaa la Bi Zuwena.

Bi Zuwena alikuwa mama mnene, mweupe, mwenye miwani, ambaye babu zake walitoka Omani na ambaye yeye mwenyewe, alivyopenda kusema, hakuwahi kutoka kwenda hata Chalinze. Siku zote alikuwa na karafuu shavuni. Alitufundisha sisi watoto kumi na kitu kwenye mikeka miwili, katikati ya majora ya vitambaa yaliyokosa nafasi dukani, na masharti yake yalikuwa magumu. Hakuna aliyeruhusiwa kusoma mbele ya watu mpaka kila herufi ijue mahali pake. Kuijua kwa jina hakukutosha.

Njia yake sijaiona kwingine. Alikuwa na kikombe cha asali na vijiti vilivyochongwa, kila mtoto na chake. "Fungua," anakwambia, nawe unaachama, naye anakugusa kwa asali pale hasa ulimi unapotakiwa kwenda. Kisha anakaa, anasema, "Ifuate." Kwa thee na dhali aliipaka kwenye ncha za meno ya juu, ulimi ukatoka kidogo kuitafuta, na sauti ikajitokea yenyewe. Halafu alikushika mkono akauweka shingoni mwako. Thee haitetemi, dhali inatetema, lakini ulimi haujahama hata kidogo. Kwa mimu alikwambia ubane pua, na herufi ikafia mdomoni, hapo ndipo ukajua kwamba kumbe siku zote ilikuwa inapitia puani. Mimi nilikuwa nadhani nasema kwa mdomo tu. Siku nilipobana pua nikakosa mimu niliogopa kweli, nikabana na kuachia njia nzima mpaka nyumbani.

Asali ilikuwa ya baba. Alituma chupa kila msimu wa kulina, na hilo lilinipa heshima kidogo mkekani, heshima niliyoihitaji sana. Kwetu tulisema selasini na semanini, na zahabu, na gali. Nikikaa mbele ya kijiti niliweza. Nikisahau tu, ulimi ulirudi Miono, na watoto wa mjini walikuwa wakisubiri hapo hapo kucheka.

Mwaka wangu wa pili chuoni, bibi mzaa baba alifariki. Tulikwenda kijijini na shangazi. Siku ya tatu ilisomwa hitima, na kama ilivyokuwa kawaida yetu wasomaji waliitwa kutoka mjini, wageni watatu wenye kanzu zilizopigwa pasi, kwa sababu pale kwetu hakuna aliyejiamini kusoma mbele ya watu. Baba alikaa nyuma kabisa, karibu na viatu. Baada ya dua mzee mmoja aliuliza siku ya arobaini wasomaji waitwe kutoka wapi. Baba akasimama. Baba yangu hakuwa mtu wa kusimama mbele za watu.

"Arobaini ya mama hatuiti msomaji," alisema. "Atasoma mtoto wa nyumba hii."

Watu wakageuka kunitazama mimi.

Tuliporudi Bagamoyo shangazi alinieleza jambo ambalo baba hakuwahi kulitaja. Alipokuwa kijana alipewa zamu ya kusoma kwenye hitima moja Vigwaza, ugenini. Msomaji mmoja mkubwa alimkatiza mara tatu kwenye aya moja, kisha akasema kwa sauti, "Mwachieni mwenye koo asome." Watu wakacheka. Baba akaufunga msahafu, na tangu siku hiyo hakuufungua tena mbele ya mtu.

"Sasa amekuweka wewe mbele," shangazi alisema. "Ukikwama wewe, atakuwa amechekwa mara mbili, na mara hii kwake, kwenye arobaini ya mama yake. Unanisikia?"

Nilimsikia. Na lile neno lilinikaa: mwenye koo. Nilijua watu hutofautiana urefu na rangi. Sikujua kwamba wanatofautiana hata makoo.

Kesho yake niliwahi chuoni nikampa Bi Zuwena habari. Alinipa pole ya msiba, akahamisha karafuu kutoka shavu moja kwenda jingine, akauliza siku zimebaki ngapi.

"Selasini na nne, Maalim."

Mkeka mzima ukaangua kicheko.

"Ngapi?"

"The-la-thi-ni na nne."

"Haya. Hizo ndizo tulizonazo. Njoo saa moja kabla ya wenzako, kila siku."

Herufi za mdomoni hazikunisumbua sana. Kwa wiki mbili ulimi wangu ulifuata asali kila ilikotumwa, na thelathini ikawa thelathini hata usingizini. Kilichonishinda kilikuwa aini. Aini haina asali; hakuna kijiti kinachofika huko. Bi Zuwena alinieleza kwamba koo lina vyumba vitatu, cha chini kinachokaribia kifua, cha juu kinachopakana na mdomo, na cha katikati. "Aini anakaa cha katikati," alisema. "Mwite." Nikamwita. Kila nilipomwita alitoka alifu, mwepesi, mtupu, na Bi Zuwena akainua kidole. Sura tuliyokuwa tukiisoma ni ile inayosomwa kwenye hitima zote za kwetu, na aya yake ya nne inaanza na aini. Sikuwahi kuvuka aya ya nne bila kile kidole kuinuka.

Nilikuwa nakaa mkeka mmoja na msichana anaitwa Salma, mtoto wa mjini, mpole, hana maneno. Siku moja alinisogelea akaninong'oneza kwa huruma kabisa, wala hakuwa ananitania.

"Usijichoshe, Asha. Ninyi wa bara chumba cha katikati hamna. Mna viwili tu. Bibi yangu ndivyo alivyoniambia."

Nilimwamini palepale. Ilieleza kila kitu: kwa nini mimi, kwa nini baba, kwa nini wasomaji waitwe kutoka mjini. Mtoto mwingine angelia akaomba kurudishwa kwao. Mimi nilikasirika. Nilijiambia kwamba kama chumba hakipo, basi kitachimbwa, na nilijua hata kitakachokichimba. Shangazi alichemsha mhogo karibu kila asubuhi. Nikaanza kuumeza bila kuutafuna, tonge dogo siku ya kwanza, kubwa zaidi siku ya pili, nikihesabu kwamba likizidi kidogo kila siku koo litapanuka pale katikati na nafasi itapatikana. Machozi yalinitoka lakini niliendelea, na jioni nilisukutua maji ya chumvi ya mawe ili kidonda kisiharibu kazi. Nilijiona mwerevu kweli kweli.

Siku ya tano tonge lilikwama. Halikushuka wala halikupanda. Nakumbuka sufuria ikianguka, na shangazi akinipiga mgongoni kwa nguvu zake zote huku akitaja majina yote ya Mungu anayoyajua. Mhogo ukaruka sakafuni na damu kidogo. Nilipotaka kumwambia asante hakukuwa na sauti, ni upepo mtupu. Muuguzi wa zahanati alimulika tochi, akasema nisitamke neno hata moja kwa wiki nzima. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tano. Nilirudi nyumbani nikajifunika shuka gubigubi mchana kweupe, nikamwona baba akilini, kwenye mkeka wa arobaini, karibu na viatu.

Alasiri nilikwenda chuoni mapema, na daftari, kumwandikia Bi Zuwena kwamba yamekwisha. Ua ulikuwa kimya. Nilimkuta amekaa peke yake kati ya majora, hajanisikia, ameshika kioo cha kijani mbele ya mdomo. Kwenye kikombe kando yake yalikuwa meno. Meno yake yote ya mbele ya juu, pamoja na ufizi wa waridi, ndani ya maji. Alikuwa anajipaka asali kwa kijiti kwenye ufizi mtupu, anausogeza ulimi taratibu, anasema thee, anatikisa kichwa, anasema tena.

Daftari lilinianguka. Aligeuka akaniona. Kisha akaguna, akalifunika domo lake kwa ushungi, akanyoosha mkono kuliokota daftari. Nilikuwa nimeandika: *Maalim, mimi wa bara sina chumba cha katikati. Nilikuwa nakichimba kwa mhogo. Sasa sauti imekwisha.*

Alisoma mara mbili. Nilidhani atanicharaza. Alianza kucheka, cheko la mtu asiye na meno, lote midomo na mashavu, mpaka miwani ikafunga ukungu.

"Ewe mtoto! Kwa mhogo?" Alijifuta macho. "Haya nambie. Huo mhogo ulikwama wapi? Nioneshe kwa kidole."

Niliweka kidole chini kidogo ya taya, kwenye shingo, pale palipokuwa bado panauma.

"Hapo hasa?"

Nikatikisa kichwa, ndiyo.

"Na ulipokwama, koo lilifanyaje? Lililegea au lilibana?"

Nilikunja ngumi kumwonesha.

"Basi ndicho hicho chumba. Usingekuwa nacho ungekwama wapi? Kimejifunga chenyewe, kimeshika tonge. Sasa kitashika sauti." Alikichukua kikombe cha meno akakitikisa mbele yangu. "Mimi yangu yalipong'oka, thee na dhali na fee ziliondoka nayo. Mwalimu mzima, nikawa nasoma kama mtoto mchanga. Nimekaa na kioo hiki mwezi mzima nikizirudisha moja moja, na mpaka leo kila alasiri kabla hamjaja nazikagua, maana bandia hukaa vibaya. Wewe una meno mlangoni, una vyumba vyote, unataka kunilisha habari za bara na pwani? Koo ni koo."

Aliyarudisha meno mahali pake, akanipa kioo. Wiki ile alinipangia kazi ya kimya. Hakuna sauti, mdomo tu, ulimi tu. Nilizipitia herufi zote kwa kioo bila kutoa pumzi ya maana, naye akinitazama na kunyoosha kidole palipokosewa. Nilipofika kwenye aini nilifumba macho nikaukumbuka ule mhogo, nikalibana koo pale pale, taratibu, nikaliachia. Nilibana na kuachia nikienda dukani, nikiosha vyombo, nikivuka uwanja wa shule. Shangazi alidhani nimepata kwikwi.

Siku ya nane muuguzi aliniruhusu kusema. Nilikimbia mpaka uani, nikaweka kidole shingoni, nikabana, nikatoa. Ilitoka mbaya, kama mbuzi mwenye mafua, lakini haikuwa alifu. Bi Zuwena hakusifu. "Tena," alisema. Nikarudia. "Tena." Tuliendelea hivyo mpaka mwadhini akaadhini magharibi, na nilipokuwa nakunja mkeka aliniuliza kama mtu anayeuliza jambo dogo tu, "Jina lako la chuoni nani?"

"Aisha, Maalim."

"Linaanza na nini?"

Nilitazama daftari langu. Juu ya jalada, kwa mwandiko wangu mwenyewe wa Kiarabu, aini ilikuwa imekaa hapo mbele ya jina, mdomo wazi. Kwa karibu miaka miwili nilikuwa naichora kila siku bila kujua kwamba ndiyo hiyo hiyo inayonitesa. Nikalisema jina langu kwa mara ya kwanza kutoka kooni. Lilinipa aibu kidogo, na furaha ambayo sikuweza kuificha.

Tulipokwenda Miono kwa arobaini Bi Zuwena aliniazima kioo, kimefungwa kwenye kipande cha kanga chenye harufu ya karafuu zake. Mikeka ilijaa. Baba hakukaa karibu na viatu. Alikaa mbele, akinitazama, mikono yake mikubwa imelala juu ya mapaja. Nilisoma aya ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilipofika ya nne nilisimama kidogo kuliko inavyotakiwa, na niliona shavu la baba linakaza. Nikabana, nikaachia. Ikatoka pale hasa. Mzee mmoja akasema "Naam" kwa sauti ya chini, na mimi sikusimama tena mpaka mwisho.

Nilitegemea sifa. Baba aliondoka mkekani. Alisaidia kugawa pilau, akasindikiza wageni, na jua lilipoanza kushuka akaniita kule kwenye mizinga.

"Mama," alisema, ndivyo alivyoniita akiwa na shida, "ile ya koo. Unafanyaje?"

Nilimwonesha. Aliweka kidole, akajaribu, ikatoka alifu. Alijaribu tena, akatazama nyuma kama kuna mtu anayesikia. Mara ya tatu aliteremsha mkono. "Langu limeshakauka. Wengine hatukupewa."

Nilipandwa na hasira za mtoto wa miaka tisa. "Baba, umewahi kukabwa na tonge?"

"Nimewahi."

"Lilikwama wapi?"

Alifikiri, akanyoosha kidole shingoni, pale pale.

"Basi unacho," nilimwambia, nikamshikisha kioo.

Niliporudi Bagamoyo nilimwomba Bi Zuwena radhi kwamba kioo nimekiacha kwa baba. Aliuliza baba anakifanyia nini, nikamweleza. Akasema kwamba vioo dukani vipo tele.

Likizo iliyofuata nilifika kijijini mchana nikakata njia ya shambani. Baba alikuwa ng'ambo ya shamba, kati ya mizinga, amevaa lile koti lake zito la kulinia asali. Aliponiona alivua kofia, akaweka kidole kooni, akaniita. Hakusema Asha. Alilisema jina lote, na lilianzia katikati, zito, limekwaruza, lakini pale hasa. Niliangusha begi langu kwenye ufuta nikamkimbilia nikilia, naye alicheka akaniambia nisimkaribie, ana nyuki.

Mbele za watu hakusoma kamwe. Nilimwomba nikiwa mkubwa, akakataa, nikamwacha. Lakini toka siku ile aliniita hivyo maisha yake yote, hata hospitali wiki ya mwisho, wakati sauti yake ilikuwa imebaki uzi.

Arobaini yake ni mwezi ujao, na nitasoma mimi. Wadogo zangu hawakuniuliza. Kila mtu mwingine ananiita Asha, nyumbani, kazini, sokoni, nami naitika. Leo asubuhi nimekifuta kile kioo, nikakiweka mbele ya mdomo, nikaweka kidole shingoni, nikajiita mwenyewe. Aini imetoka safi, safi kuliko ya baba, Bi Zuwena asingeinua kidole. Nimerudia mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa sauti yangu, si ya baba.